Mafuta chini ya maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa ziwani

Nimezaliwa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na dada yangu ameolewa Mtwara. Mabishano ya mafuta na gesi hunifikia kwa simu kutoka pande zote mbili: huku wanauliza kama ziwa litachimbwa, kule wanauliza gesi imewaachia nini. Maswali ya hapa nimeyakusanya soko la samaki la Mwaloni Kirumba, kwenye kivuko cha Kamanga, na kwenye vikao vya BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo barua husema saa mbili na watu hufika saa nne. Penye ubishi nimesema wazi niko upande gani.

Je, chini ya Ziwa Victoria kuna mafuta?

Hakuna kisima kinachotoa mafuta ndani ya ziwa hili, na jiolojia haitupi sababu kubwa ya kukitarajia. Mafuta hupikwa. Viumbe vidogo vya majini hufa, huzama, hufunikwa na matope, na matope hayo hufunikwa na mengine kwa mamilioni ya miaka, mpaka uzito na joto viyageuze mabaki yao kuwa mafuta. Sufuria ya kazi hiyo inataka kina, yaani kilomita kadhaa za mashapo. Ziwa Tanganyika na Ziwa Albert yamekaa ndani ya Bonde la Ufa, ndiyo maana watafutaji hawaachi kuyazunguka. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Letu, pamoja na ukubwa wake wote wa kilomita za mraba 68,800, ni sinia: wastani wa kina ni mita 40, na penye kina kabisa ni kama mita 80. Tena ni changa, miaka laki nne hivi, na liliwahi kukauka miaka elfu kumi na tano na ushee iliyopita. Chini ya sinia hiyo kuna mwamba mkongwe, ndugu wa ule wa dhahabu ya Geita. Aliyekuja kutafuta utajiri kwenye mwamba wetu ameshaupata, na anautoa kwa baruti.

Mbona kuna meli zinazopima ziwa?

Nyingi zinahesabu samaki. Chombo hupiga sauti kwenda chini, kisha husikiliza mwangwi ili kukadiria wingi wa sangara na dagaa. Nyingine hupima kina kwa ajili ya njia za meli. Ukiona chombo, muulize mwenyekiti wa mwalo, yaani pale boti zinaposhushia samaki, kama kilijitambulisha. Ni haki yako kujua.

Basi mjadala huu unatuhusu nini sisi wa Mwanza?

Mwaka 2006 Uganda ilithibitisha kuwa ina mafuta ya kuuzika kwenye bonde la Ziwa Albert. Njia iliyochaguliwa ya kuyafikisha baharini ni bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko kwetu Tanzania. Linapita nyuma ya ziwa, Kagera na Geita, kwenye ardhi ambayo maji yake ya mvua hushuka hadi huku. Juu ya ziwa lenyewe, mafuta yaliyosafishwa tayari yanasafiri: kuna meli inayoyachukua Kisumu kuyapeleka upande wa Uganda. Sisi tukiwa tunasubiri mtambo wa kuchimba uibuke mbele ya Ukerewe, mafuta yamekwisha kupita mlango wa nyuma.

Halafu kuna undugu. Mvuvi wa Kilwa na mvuvi wa Ukara hawajawahi kuonana, lakini wote wawili wanaishi kwa kitu kinachoogelea kwenye maji ambayo hawana hati yake. Mzigo wa mmoja ukishajulikana, wa mwingine unakadirika.

Kuchimba majini hufanywaje hasa?

Kwanza hukusanywa data za mitetemo. Meli huburuta mizinga ya hewa inayolipuka kila baada ya sekunde kumi hivi, usiku na mchana, kwa wiki kadhaa, na mwangwi kutoka kwenye miamba huchora picha ya kilicho chini. Wakati huo wavuvi huambiwa wakae mbali. Picha ikivutia, huletwa mtambo wa kuchimba kisima cha majaribio. Tundu huchimbwa kwa keekee inayopozwa na tope maalumu lenye kemikali, na tope hilo hurudi juu na mchanga wa mwamba, lazima lipelekwe mahali. Juu ya kisima hukaa vali kubwa za kukifunga endapo shinikizo litapanda ghafla.

Uzalishaji ukianza, kisima hakitoi mafuta matupu. Hutoa pia maji ya chumvi ya chini ya ardhi, machafu, na kadiri kisima kinavyozeeka ndivyo maji hayo yanavyozidi. Kwenye vipeperushi picha ni ya mwali wa moto na kofia ngumu. Maji hayo machafu huwezi kuyaona.

Kwa sheria ya kimataifa ya bahari, jukwaa la kuchimbia linaweza kuzungushiwa eneo la usalama la hadi mita 500 ambalo vyombo vingine haviingii. Kwa meli ya mizigo hilo ni kona ndogo. Kwa mwenye mtumbwi wa tanga, kama hapo ndipo penye mwamba wa samaki, ni shamba lake limefungwa.

Wakichimba wakiwa nchi kavu, hatari inakwisha?

Inapungua. Mradi wa Kingfisher wa Ziwa Albert, unaoendeshwa na CNOOC ya China, una mitambo ufukweni, na visima vinapinda kwenda chini ya ziwa bila jukwaa kukaa majini. Ni njia bora kuliko kusimamisha mtambo katikati ya maji, nakubali. Ila ufuko nao una watu, una mito, una mwambao wa kuanikia samaki, na bomba la kukusanyia mafuta hupita hapo hapo.

Mafuta yakimwagika, samaki hupatwa na nini?

Inategemea aina ya mafuta. Sehemu nyepesi ya mafuta ghafi huyeyuka hewani haraka, na nyingine huchanganyika na maji na kuwa sumu ya mara moja. Sehemu nzito hukokotwa na upepo hadi ufukweni, ikakwama kwenye matete na mafunjo. Mwenye kufahamu sato anajua huko kwenye majimaji ya kando ndiko vifaranga hujificha. Mayai na vifaranga ndivyo dhaifu zaidi: tafiti zilizofuata ajali kubwa za Marekani zilionyesha kwamba kemikali za mafuta, hata kidogo, huharibu moyo wa samaki akiwa bado ndani ya yai. Samaki mkubwa anaweza kuogelea akaondoka. Yai halina pa kwenda.

Lakini kabla samaki hajafa, soko hufa. Nikiwa darasa la sita, boti ya mjomba ilirudi alfajiri na dagaa wa kutosha kulipa ada ya muhula. Dumu la petroli lilikuwa limelegea kifuniko, likachuruzika sakafuni usiku kucha. Shangazi aliwaanika dagaa kama kawaida, na jua lilipokolea harufu ikapanda. Mchuuzi wa kutoka Kirumba akaja, akachota wachache kiganjani, akamvunja mmoja kichwa, akanusa, akawarudisha taratibu kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani. Hakutaja bei. Hakurudi wiki hiyo, wala iliyofuata, ingawa boti ilikwisha kusuguliwa kwa mchanga na sabuni. Petroli yenyewe iliyovuja isingejaza chupa ya soda.

Na maji ya kunywa?

Hapa ndipo ziwa linapotofautiana na bahari, na nashangaa swali hili huulizwa mara chache. Mtu wa Lindi akipatwa na mafuta baharini, kisima chake cha nyumbani kinabaki salama. Sisi tunayanywa haya haya. Mwanza inachota Kapripoti na Butimba. Chanzo cha Ihelele, wilayani Misungwi, kinasukuma maji hadi Shinyanga, Kahama na kuendelea mpaka Tabora. Kuna mama yuko Nzega, hajawahi kupanda mtumbwi maishani, na chai yake ya asubuhi ni Ziwa Victoria.

Tena ziwa halina maji kupwa na maji kujaa ya kulisafisha. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwenye mvua, na hupotea zaidi kwa kuvukizwa na jua kuliko kwa kutoka Jinja kwenda Nile. Maji huondoka kama mvuke, uchafu unabaki.

Ajali kubwa hutokea kweli, au ni kutishana?

Hutokea kwa nadra, na zikitokea huwa hazina kipimo. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka kwenye Ghuba ya Mexico, watu 11 wakafa, na kisima kikamwaga mafuta kwa siku 87. Zile vali za kufunga kisima zilikuwepo. Hazikufunga. Serikali ya Marekani ilifika mahali ikazuia uvuvi kwenye takribani kilomita za mraba 229,000, zaidi ya mara tatu ya Ziwa Victoria zima, Kenya na Uganda ndani.

Ila mimi ajali kubwa hainitishi kama ile ndogo isiyo na mwisho. Kwenye Delta ya Niger mafuta yamevuja kidogo kidogo kwa miongo mingi, kutoka kwenye mabomba makuukuu, kutoka kwa wezi wanaotoboa, kutoka kwa kutojali. Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilisema usafishaji wa Ogoni unaweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Hapo hapakuwa na mlipuko wa kuonyeshwa kwenye taarifa ya habari.

Si kampuni hulipa fidia?

Hulipa, ukiishi kuiona. Meli ya Exxon Valdez ilipasuka Alaska mwezi Machi 1989. Mwaka 1994 mahakama ikaamuru kampuni ilipe dola bilioni 5 za adhabu. Rufaa zikapanda na kushuka hadi 2008, Mahakama ya Juu ya Marekani ikazishusha kuwa takribani dola milioni 507. Miaka 19. Mvuvi aliyekuwa na umri wa miaka 50 siku ya ajali alikuwa na 69 siku ya hukumu, kama alikuwepo.

Watu wa Bodo, Nigeria, walimwagikiwa mwaka 2008, wakapeleka kesi London, na mwaka 2015 Shell ikakubali kulipa pauni milioni 55. Sehemu yake iligawiwa kwa watu 15,600. Karibu na kwetu, mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi wa Lamu zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari. Huo haukuwa mradi wa mafuta, lakini hukumu ilitambua kwamba mvuvi asiye na hati ya bahari bado ana kitu cha kupoteza. Naona ni hukumu muhimu kuliko inavyozungumzwa.

Mimi huanika tu, sina boti. Fidia itanifikia? *(Mama mmoja wa Kayenze)*

Mama yangu, hili ndilo swali gumu kuliko yote humu. Fidia hufuata karatasi. Tajiri ana leseni ya chombo, jina lake limo kwenye daftari. Wewe unayeanika, yule anayebeba ndoo kichwani kutoka botini, kijana anayetengeneza nyavu na mama lishe wa pale chini ya mti, hamjaandikwa popote. Ushauri wangu ni wa kizee: nunua daftari la kurasa themanini. Andika tarehe, ndoo ulizonunua, bei, na jina la uliyemuuzia. Mwombe katibu wa BMU agonge mhuri kila mwezi. Akidai hela ya mhuri, mwambie aje aniombe mimi.

Tanzania tuna gesi, si mafuta. Tatizo liko wapi?

Kweli, mpaka leo kilichogunduliwa nchini kwa wingi ni gesi: Songo Songo mwaka 1974, Mnazi Bay 1982, kisha ile ya kina kirefu kuanzia 2010, ambayo imefikisha jumla ya futi za ujazo trilioni 57 na zaidi. Gesi ikivuja hupanda hewani, haipaki ufuko lami. Kwa mazingira ya samaki, ni afadhali.

Hasira ya Mtwara mwaka 2013 haikuhusu samaki. Watu waliona bomba linaelekezwa Dar es Salaam wakauliza viwanda walivyoahidiwa vitajengwa wapi. Ghasia zikazuka, watu wakafa, nyumba zikachomwa. Shemeji yangu alilala porini siku mbili. Ukimuuliza leo, hakwambii lolote kuhusu futi za ujazo. Anasema hakuna aliyekuja kuwaeleza kabla.

Ajira je?

Ujenzi huchukua wengi kwa muda mfupi, wengi wao vibarua, walinzi, madereva na mama lishe. Ukikamilika, mitambo huendeshwa na wachache wenye vyeti. Kuzunguka Ziwa Victoria, katika nchi tatu, wavuvi peke yao ni kama laki mbili, bila kuhesabu wanaoanika, wanaochuuza na wanaochonga mitumbwi. Kijana mwenye akili ya ufundi aende VETA akasomee kuchomelea vyuma kwa viwango vinavyotambulika. Asikae mwaloni kusubiri orodha ya majina.

Bomba la EACOP linaweza kutudhuru huku?

Mwanza halipiti. Lakini linavuka Mto Kagera, na Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote unaomwaga ndani ya ziwa. Mafuta ya Uganda ni mazito, yana nta, yakipoa yanaganda kama samli, kwa hiyo bomba linapashwa joto lisipungue nyuzi 50 hivi. Wahandisi wanasema yakivuja yataganda karibu na tundu, hayatakimbia. Wapinzani wanasema mto wa masika hauyasubiri mafuta yagande. Pande zote mbili zina hoja. Mimi nauliza jambo moja tu: vali ya kufunga iko umbali gani kutoka mtoni, kila upande?

Wanaotaka kuchimba nao si wana hoja?

Wanazo, na ni nzito. Kwa miaka mingi gesi ilizalisha zaidi ya nusu ya umeme wa gridi yetu. Nchi tajiri zilichimba zao zikajenga hospitali, sasa zinatuambia tupende mazingira. Mimi mwenyewe napikia mtungi, na boti za Igombe haziendi kwa dua.

Lakini ukitaka mfano, tazama Norway. Ni taifa la mafuta hasa, kampuni yake Equinor imo hata kwenye kitalu cha gesi baharini kwetu. Wanorway hao hao kwa miaka mingi wameacha kufungua uchimbaji kwenye bahari ya visiwa vya Lofoten, kwa sababu ndiko samaki aina ya chewa wa Aktiki huenda kutaga, na wavuvi wa huko hawakunyamaza. Mwenye mafuta mengi kuliko wote wa Ulaya Magharibi ameweza kusema hapa hapana. Basi nasi tukisema mazalia ya samaki yaachwe, tusiitwe maadui wa maendeleo.

Wananchi wanaweza kusimamisha mradi?

Wamewahi. Afrika Kusini, Desemba 2021, mahakama ya Makhanda ilisimamisha upimaji wa mitetemo wa Shell kwenye pwani iitwayo Wild Coast, na Septemba 2022 ikafuta kibali chenyewe. Sababu mojawapo ingechekesha kama isingekuwa ya kuudhi: matangazo yalitoka magazetini kwa Kiingereza na Kiafrikana, kwa watu wanaozungumza Kixhosa, na kampuni ikazungumza na machifu, wavuvi wakiwa hawajui. Mwaka 2024 mahakama ya rufani ilikubali kwamba kibali kilitolewa kinyume cha sheria, ila ikaiachia kampuni mwanya wa kuomba upya.

Kwa upande mwingine, kesi ya kupinga EACOP ilifunguliwa kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki Novemba 2020, ikatupwa Novemba 2023 kwa kuwa ilichelewa kufunguliwa. Tarehe zina nguvu kuliko hoja. Ukipokea tangazo lolote la mradi, andika siku uliyolipokea.

Nikiitwa kwenye kikao cha tathmini ya athari, niulize nini?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai mradi wa namna hii ufanyiwe tathmini, na NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, ndiyo inayoisimamia. Kikao si harusi. Usiende kwa ajili ya soda na posho ya nauli, halafu sahihi yako kwenye daftari la mahudhurio ikageuka kuwa ridhaa. Kabla ya kusaini soma juu ya ukurasa pameandikwa nini.

Omba muhtasari wa Kiswahili, na uupate siku kadhaa kabla. Kisha uliza kuhusu siku mbaya, kwa sababu siku nzuri watakueleza wenyewe: mafuta yakimwagika saa nane usiku, maboya ya kuyazingira yako ghala gani, mji gani, yatafika baada ya saa ngapi, na nani ana ufunguo? Ziwa likifungwa miezi mitatu, baharia asiye na boti atakula nini, na fedha hizo zimewekwa wapi tangu leo? Kisima kikiisha miaka ishirini ijayo, nani atakiziba? Uliza pia eneo la mita 60 kutoka ukingoni, lile ambalo mwananchi haruhusiwi kulijengea hata kibanda: mradi una kibali gani cha kulitumia? Wakijibu kwa mdomo, sema unaomba iandikwe kwenye kumbukumbu, na usubiri uione ikiandikwa.

Na sisi wenyewe hatuchafui?

Tunachafua. Nenda mwalo wowote saa kumi na mbili asubuhi boti zinapopumzika, utaona utando wa rangi rangi juu ya maji kati ya boti na mawe, pale pale watoto wanapochota. Oili chafu humwagwa kando, madumu husuuzwa ziwani. Mjomba wangu sasa ana beseni la bati chini ya injini na kifuniko cha dumu amekifunga kwa mpira wa baiskeli. Wenzake humcheka. Mchuuzi wa Kirumba alirudi baada ya miezi miwili, na mpaka leo akifika hunusa kwanza beseni, ndipo anasalimia.